Kaushio la jua kwa dagaa wa Kigoma: linafaa, ila lielekezwe kaskazini

Kaushio ninalolieleza hapa hutengenezwa na karakana moja ndogo ya mjini Kigoma na huuzwa kwa wachakataji wa dagaa wa Kibirizi, Katonga na mialo mingine ya mwambao wa Ziwa Tanganyika. Ni sanduku refu la mbao lililoinuliwa kwa miguu, lenye sakafu ya bati lililopakwa rangi nyeusi, trei za wavu zilizopangwa kwa ngazi mbili, paa la nailoni nzito inayopitisha mwanga, bomba la kutolea hewa yenye unyevu, na feni ndogo inayoendeshwa na paneli ya sola iliyofungwa ubavuni. Dada yangu, ambaye biashara ya dagaa ndiyo inayomsomeshea watoto, alilinunua kwa bei iliyo chini kidogo ya shilingi laki nane. Mimi nafundisha jiografia, na kwa kuwa nilikuwa na hamu ya kuliona likifanya kazi, nimelifuatilia tangu kiangazi hadi mvua za masika zilipokatika. Linafaa kununuliwa. Hata hivyo, maelezo kuhusu jua yanayoambatana nalo yana makosa, na makosa hayo hayaishii kwenye karatasi, kwa sababu mnunuzi anayeyafuata hupoteza dagaa ambao kaushio lenyewe lingeweza kuwaokoa.

Anayetaka kulipima kwa haki lazima kwanza ajue linashindana na nini. Dagaa hufika mwaloni alfajiri, wakiwa wamevuliwa usiku wa giza kwa mwanga wa taa, na karibu robo tatu ya uzito wao ni maji. Huanikwa mchangani au juu ya chanja, hugeuzwa kwa mikono, na siku njema ya kiangazi wanaoanikwa asubuhi huwa tayari kufungwa jioni. Mama mmoja mzoefu alinionyesha kipimo chake: humchukua dagaa mmoja katikati ya rundo, humkunja kichwa na mkia vikutane, na dagaa akivunjika kwa mlio mkavu basi wamekauka, lakini akijikunja bila kuvunjika, hata kama ngozi yake inang'aa kama fedha, bado ana maji ndani na hatafika Dar es Salaam akiwa mzima. Masika mambo hubadilika. Mvua hushuka mchana dagaa wakiwa nusu njia, hukusanywa kwa haraka chini ya turubai, hushikana, hupata joto la kuoza, na kesho yake huwa wamegeuka manjano na kuuzwa kwa bei ya chakula cha kuku. Hasara ya namna hiyo ndiyo iliyomfanya dada yangu atafute kaushio.

Karatasi ya maelekezo inaanza kwa kusema kwamba kaushio hufanya kazi vizuri zaidi wakati jua linapokuwa kali. Sentensi hiyo inaonekana haina shaka yoyote, lakini mtu akiiweka mbele ya kalenda ya Kigoma ataona kwamba haisimami. Kigoma iko karibu nyuzi 5 kusini mwa ikweta, kwa hiyo jua hupita utosini mara mbili kwa mwaka, mapema Oktoba na tena mapema Machi. Mwezi Juni jua huwa limekwenda kaskazini kabisa, na hata linapofika juu kabisa ya safari yake ya siku huishia kwenye nyuzi 62 hivi juu ya upeo wa kaskazini. Zaidi ya hayo, mzunguko wa dunia kulizunguka jua si duara kamili: mapema Julai dunia huwa mbali zaidi, takriban kilomita milioni 152, na mapema Januari huwa karibu zaidi, takriban kilomita milioni 147, tofauti inayotosha kuifanya nishati inayofika juu ya angahewa mwezi Januari izidi ile ya Julai kwa karibu asilimia 7. Kama ukali wa jua peke yake ndio ungekuwa unaamua, Januari ungekuwa mwezi wa kuanika, na Juni na Julai ingekuwa miezi ya kuhangaika. Kila mwanamke wa Kibirizi anajua kwamba ni kinyume chake.

Sababu ya kinyume hicho ni jua lenyewe, na hapa ndipo palipo na jambo ambalo ningependa kila mnunuzi wa kaushio alielewe. Jua linapokaribia utosi wa eneo fulani, ardhi na maji hupata joto, hewa huwa nyepesi na kupanda, na hewa nyingine huvutwa kutoka pande zote kujaza nafasi iliyoachwa. Eneo hilo la hewa inayokutana na kupanda ndilo wataalamu wa Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania huliita ukandamvua, nalo hulifuata jua kwenda kusini na kurudi kaskazini, likichelewa nyuma yake kwa wiki kadhaa. Linapotufikia, huja na unyevu wa Bahari ya Hindi na wa misitu ya Kongo, na ndipo sehemu kubwa ya mkoa wetu hupata mvua za Msimu, ambazo hapa naziita masika, kuanzia Novemba hadi Aprili. Mwezi Juni ukandamvua huwa umehamia mbali kaskazini mwa ikweta, pepo kavu za kusini-mashariki huvuma juu ya ziwa, na mbingu huwa tupu. Jua la karibu ndilo linaloita mawingu yanayolifunika, na jua la mbali hutuachia anga safi. Kwa mwanikaji wa Kigoma, kiasi cha mwanga kinachopunguzwa na wingu moja zito la Januari ni kikubwa kuliko tofauti yote inayoletwa na majira na umbali wa jua kwa pamoja.

Isitoshe, dagaa hawakaushwi na joto tu. Hukaushwa na hewa yenye kiu. Hewa inapopashwa moto uwezo wake wa kubeba mvuke huongezeka kwa karibu asilimia 6 hadi 7 kwa kila nyuzi moja, na hili ndilo siri ya kaushio hili, ingawa karatasi ya maelekezo haikuligusa kabisa. Chukulia siku ya masika ambayo hewa ya nje ina nyuzi 27 na unyevu wa asilimia 80, hali ambayo dagaa waliowekwa kwenye chanja hukaa kutwa nzima bila kubadilika. Hewa hiyo hiyo ikiingizwa kwenye sanduku na kupashwa hadi nyuzi 45 bila kuongezewa maji, unyevu wake hushuka hadi karibu asilimia 30, na hapo huanza kunyonya maji ya dagaa kama hewa ya mwezi wa Julai. Kipimajoto nilichokining'iniza katikati ya trei kilikuwa kikifika nyuzi 45 bila shida hata siku za mawingu mepesi, kwa sababu mwanga unaotawanywa na wingu jepesi bado ni nishati, ijapokuwa mtu haoni kivuli chake ardhini.

Kwa hiyo tathmini ya utendaji inagawanyika. Wakati wa kiangazi kaushio hili ni zuri lakini si la lazima. Dagaa wake hutoka safi, hawana mchanga, hawajakanyagwa na kuku wala kudonolewa na kunguru, na kwa kuwa ni wasafi mnunuzi wa jumla huwalipia zaidi, lakini wale wa kwenye chanja nao hukauka siku hiyo hiyo. Masika ndipo linaporudisha fedha yake. Mvua ikianza hakuna anayekimbia na turubai. Dagaa hubaki palepale kwenye trei, wingu likipita sanduku hupata joto tena kabla mchanga wa nje haujaanza hata kutoa mvuke, na vipande vya jua vya saa mbili au tatu ambavyo zamani vilikuwa havina faida vikijumlishwa kwa siku mbili hutosha kumkausha dagaa hadi avunjike. Dada yangu, ambaye Januari alikuwa akipunguza ununuzi wake mwaloni kwa kuogopa hasara, safari hii aliendelea kununua, na nimeona kwa macho yangu magunia yaliyofungwa katika wiki ambazo majirani zake walikuwa wakikaanga dagaa wao ili wasioze.

Kasoro kubwa ya kiufundi iko kwenye feni. Imeunganishwa moja kwa moja na paneli, bila betri, na wazo hilo lina uzuri wake: jua likiwaka feni huenda kasi, sanduku haliunguzi dagaa, na mtumiaji hana swichi ya kukumbuka. Tatizo ni kwamba wingu zito linapofika, paneli huzalisha sehemu ndogo tu ya umeme wake wa kawaida, feni hupunguza mwendo au husimama kabisa, na hewa iliyoshiba mvuke hubaki ndani wakati ule ule ambapo inahitaji zaidi kusukumwa nje. Usiku hali huwa mbaya zaidi. Niliinua pembe ya nailoni kabla ya jua kuchomoza nikakuta matone yamejipanga upande wa ndani, mengine yakianguka juu ya trei za juu, na dagaa waliokuwa chini ya matone hayo walikuwa wamelegea ilhali wa trei za chini walikuwa bado wakavu. Hilo hutokea zaidi katika usiku wa anga tupu kuliko wa mawingu, kwa sababu nailoni ya kawaida huachia joto lake lipotelee juu, ikapoa kupita hewa inayoizunguka na kuugeuza mvuke wa ndani kuwa maji, wakati mawingu ya masika hulirudisha chini sehemu ya joto hilo. Betri ndogo ya kuizungusha feni polepole hadi asubuhi ingeliondoa tatizo lote hili. Fundi alikubali kuifunga kwa malipo ya ziada, na ninamshauri kila mnunuzi aidai tangu mwanzo.

Fundi ni mtu makini na kazi yake ya mbao haina lawama, lakini alipokuwa akituelezea sanduku lake alisema, "Mwalimu, hii ni dunia ndogo, joto linaingia halitoki," na maneno hayo hayo yamechapishwa kwenye karatasi chini ya mchoro wa dunia iliyofunikwa. Wanafunzi wangu nao husema hivyo. Sanduku hupata joto hasa kwa sababu nailoni huzuia hewa ya moto isipande na kuchukuliwa na upepo. Nililegeza upande mmoja, nikaiacha nailoni yote mahali pake, na joto likashuka mara moja kwa sababu hewa ilipata njia. Dunia haina paa la kuzuia upepo. Sehemu ya karibu asilimia 30 ya mwanga wa jua hurudishwa angani na mawingu, theluji, mchanga na vitu vingine vyenye weupe, sehemu inayobaki huipasha dunia, na dunia nayo hutoa joto kwenda juu kwa mionzi isiyoonekana. Mvuke wa maji, hewa ukaa na gesi nyingine chache huidaka mionzi hiyo na kurudisha sehemu yake chini. Bila gesi hizo wastani wa joto la uso wa dunia ungekuwa karibu nyuzi 18 chini ya sifuri, badala ya nyuzi 15 hivi juu ya sifuri tunazozifahamu. Mtu anayeamini kwamba nailoni ndiyo inayonasa joto huifunga kila tundu ili joto "lisitoke", na matokeo yake huwa ni sanduku lililojaa mvuke na dagaa waliochemka.

Nimefika kwenye kosa ambalo naliona kubwa kuliko yote. Maelekezo yanasema paa la kaushio, lenye mwinamo wa nyuzi 30, lielekezwe kusini. Bila shaka maneno hayo yametolewa katika mwongozo ulioandikwa kwa ajili ya nchi za kaskazini ya mbali, ambako jua hukaa upande wa kusini mwaka mzima, na yamenakiliwa bila kuulizwa. Hapa kwetu jua huwa upande wa kaskazini kuanzia Machi hadi mwanzoni mwa Oktoba, yaani kipindi chote cha kiangazi. Hesabu yake si ngumu: mchana wa mwezi Juni, paa la nyuzi 30 lililoelekezwa kusini hupokea mwanga pungufu kwa karibu asilimia 40 kuliko lile lililolazwa tambarare. Desemba na Januari, jua likiwa kusini, faida ya kulielekeza huko ni ndogo sana, kwa sababu jua la miezi hiyo liko juu mno na mwinamo hauongezi kitu cha maana. Kwa Kigoma, na kwa Tabora pia ambayo iko kwenye latitudo karibu ile ile, mwinamo unaofaa ni mdogo, nyuzi 10 au pungufu, ukitazama kaskazini, na kazi yake kubwa iwe kuyatiririsha maji ya mvua na kulisafisha vumbi. Dada yangu aliligeuza lake, fundi akakata miguu ya upande mmoja, na tofauti ilionekana siku hiyo hiyo kwenye kipimajoto.

Jambo dogo linaloandamana na hilo ni saa. Karatasi inashauri trei zigeuzwe saa sita mchana "jua likiwa utosini". Saa za Tanzania zimepangwa kwa longitudo ya nyuzi 45 mashariki, nayo Kigoma iko karibu nyuzi 29 na nusu, kwa hiyo jua letu hufika juu kabisa karibu saa saba mchana, Novemba likiwahi kidogo na Februari likichelewa zaidi. Anayezifungua trei saa sita huipoteza bure saa yenye joto zuri kuliko zote.

Lipo pia dai la kibiashara ambalo nimelisikia kwa muuzaji na kwa wanunuzi pia, kwamba jua la siku hizi limezidi ukali na kwamba kwa sababu hiyo kaushio litazidi kuwa na nguvu mwaka hadi mwaka. Mama mmoja wa Katonga aliniambia, "Mwalimu, jua limeshuka, zamani halikuwa hivi." Joto analolisikia ni la kweli na sitaki mtu amwambie kwamba amekosea kulihisi. Chanzo chake ndicho ambacho si jua. Vyombo vya satelaiti vimekuwa vikipima nishati ya jua tangu mwaka 1978, na vinaonyesha kwamba kila mita ya mraba iliyoelekezwa juani nje ya angahewa hupokea takriban wati 1,361, kiwango kinachopanda na kushuka kwa karibu asilimia 0.1 tu katika mzunguko wa miaka 11 hivi wa madoa ya jua, yaani mabaka meusi yanayojitokeza usoni pake. Mabadiliko hayo huweza kulisogeza joto la dunia kwa takriban sehemu moja ya kumi ya nyuzi, kisha hurudi yalikotoka. Wastani wa joto la dunia, kwa upande mwingine, katika miaka ya 2011 hadi 2020 ulikuwa umepanda kwa nyuzi 1.1 ukilinganishwa na miaka ya 1850 hadi 1900, ilhali nishati ya jua tangu vipimo vya satelaiti vianze haijaonyesha mwelekeo wowote wa kupanda. Kuna ushahidi mwingine ambao mimi huupenda zaidi kwa sababu ni wazi hata kwa mwanafunzi wa kidato cha pili: kama jua ndilo lililozidi, tabaka za juu za angahewa nazo zingepata joto, lakini vipimo vinaonyesha kwamba tabaka hizo zinapoa wakati hewa ya chini inapata joto. Hivyo ndivyo inavyotarajiwa pale gesi zinazodaka joto zinapoongezeka, na hewa ukaa imetoka sehemu 280 hivi katika milioni kabla ya enzi ya viwanda na kupita 420 sasa.

Simaanishi kwamba mabadiliko ya jua hayana historia. Kati ya mwaka 1645 na 1715 madoa ya jua yalikuwa haba mno, na kipindi hicho kiliangukia ndani ya karne za baridi kali huko Ulaya, ingawa milipuko ya volkano nayo ilikuwa na mchango wake. Mabadiliko ya polepole ya umbo la njia ya dunia na ya mwinamo wake, yanayochukua makumi ya maelfu ya miaka, ndiyo yaliyoongoza kuja na kuondoka kwa enzi za barafu. Hata maziwa yetu ya Afrika Mashariki yamewahi kuingizwa katika mjadala huu. Mwaka 1923 mtaalamu wa hali ya hewa wa Uingereza, C. E. P. Brooks, alionyesha kwamba kina cha Ziwa Victoria kilikuwa kikipanda na kushuka sambamba na madoa ya jua, na vipimo vya tangu mwaka 1896 vilimuunga mkono vizuri sana. Miaka michache baadaye ulinganifu huo ulivunjika. Mvua kubwa za mwaka 1961, zilizohusiana na joto lisilo la kawaida katika upande wa magharibi wa Bahari ya Hindi, zililipandisha Ziwa Victoria kwa zaidi ya mita 2 kufikia mwaka 1964, na mwaka huo ambao ziwa lilikuwa juu kabisa ndio ambao madoa ya jua yalikuwa machache kabisa. Ziwa Tanganyika nalo lilipanda katika miaka hiyo hiyo. Ninalitaja hili kwa sababu bado wapo wanaotabiri mvua na kina cha ziwa kwa kuyahesabu madoa ya jua, na mchakataji asipange ununuzi wake kwa utabiri wa namna hiyo.

Kwa mnunuzi wa kaushio, suala la chanzo cha joto lina uzito wa shilingi. Utafiti wa Catherine O'Reilly na wenzake, uliochapishwa katika jarida la Nature mwaka 2003, ulionyesha kwamba maji ya juu ya Ziwa Tanganyika yamepata joto, yamekuwa mepesi zaidi kuliko ya chini, na kwa hiyo upepo wa kiangazi unashindwa kuyachanganya kama zamani ili kuleta juu rutuba iliyolala kilindini. Walikadiria kwamba uzalishaji wa mimea midogo ya majini ulikuwa umepungua kwa takriban asilimia 20, jambo linaloashiria upungufu wa samaki wa karibu asilimia 30. Dagaa hula viumbe wadogo wanaoitegemea mimea hiyo. Kwa hiyo mtu anayelinunua kaushio akitumaini jua litamzidishia nguvu atakuwa ametumaini kisichokuwepo, lakini anayelinunua kwa kuwa kila dagaa anayepatikana sasa ana thamani zaidi na hafai kuozea mchangani, huyo ana sababu nzuri.

Agosti na Septemba kuna tatizo lingine ambalo si la kaushio. Moshi wa mioto ya mapori hutanda juu ya ziwa, milima ya Kongo hupotea machoni, na mwanga hufifia ingawa hakuna wingu. Chembe za angani zina uwezo huo, na mlipuko wa volkano ya Pinatubo nchini Ufilipino mwaka 1991 ulizirusha juu kiasi cha kulipunguza joto la dunia nzima kwa karibu nusu nyuzi kwa muda. Kwa sanduku letu ilitosha kuifuta nailoni kila asubuhi, kwani vumbi la majivu lililoganda juu yake lilikuwa likizuia mwanga kuliko moshi wenyewe.

Mapema Oktoba, jua likiwa utosini na mvua hazijaanza, hatari huwa upande wa pili. Kipimajoto kilipita nyuzi 60, na kwa joto hilo dagaa hawakauki, huiva: ngozi hukakamaa kwa nje na kuyafungia maji ndani, mafuta hubadilika rangi, na kipimo cha yule mama cha kukunja kichwa na mkia hudanganya kwa sababu ganda hulia wakati nyama bado ni mbichi. Tundu za chini na bomba la juu vifunguliwe vyote, na ikibidi gunia jembamba litandazwe juu ya nailoni kuanzia saa tano hadi saa tisa. Karakana haikusema lolote kuhusu hili, na ningependa iliandike kwa herufi kubwa.

Kuhusu vifaa, mbao na bati ni imara na wavu haushiki harufu. Nailoni ndiyo dhaifu. Mionzi mikali ya jua huivunja polepole, na hii ya kwetu ilishaanza kuwa na ukungu wa manjano na kukatika kwenye mikunjo kabla masika hayajaisha. Ile iliyowekewa kinga dhidi ya mionzi, inayotumika kwenye vitalu nyumba, ni ghali zaidi lakini ndiyo ya kununua. Ukubwa nao unatia shaka. Kaushio moja hubeba mzigo wa mchakataji mdogo, na usiku wa giza totoro ambao vipe, yaani vyombo vya wavuvi, vinarudi vimejaa, sehemu kubwa ya dagaa italazimika kuanikwa kwenye chanja kama zamani. Kikundi cha akina mama watano au sita wakichangia makaushio mawili na kupeana zamu watapata faida ya haraka zaidi kuliko mtu mmoja mwenye moja.

Kwa mchakataji anayefanya kazi wakati wa kiangazi tu na kupumzika masika, chanja nzuri iliyoinuliwa na kufunikwa wavu inatosha, na laki nane zake zitafanya kazi nzuri zaidi kwingine. Anayenunua na kuuza mwaka mzima alichukue, akiwa ameshakubaliana na fundi kabla ya kulipa kwamba paa liwe na mwinamo mdogo wa kutazama kaskazini, feni iwe na betri, na nailoni iwe ile yenye kinga. Agizo litolewe mwezi Agosti, kwa sababu Novemba karakana huwa na foleni na mvua huwa zimeshaingia.